Namba za tairi la lori: jinsi ya kuzisoma kabla ya kulipa

Lori lenye kichwa cha ekseli tatu likivuta semi-trela ya ekseli tatu hutembea juu ya matairi 22, bila kuhesabu spea. Kwa msafirishaji, matairi ni miongoni mwa gharama kubwa zinazofuata baada ya mafuta. Hata hivyo ununuzi wake mara nyingi hufanyika kwa haraka. Tairi limepasuka karibu na Tunduma, Malaba au Kasumbalesa, dereva anapiga simu ofisini, ofisi inauliza saizi, dereva anajibu "mia tatu na kumi na tano", fedha zinatumwa kwa simu na tairi linafungwa. Saizi imetajwa na bei imetajwa. Namba inayoeleza tairi hilo linabeba kilo ngapi haikutajwa na mtu yeyote.

Namba hiyo ipo ubavuni mwa kila tairi, pamoja na nyingine nyingi. Makala haya yanaeleza namna ya kuzisoma, na zaidi namna ya kuzilinganisha na uzito unaoonekana kwenye karatasi ya mizani.

Saizi yenyewe

Chukua mfano wa 315/80R22.5, saizi iliyoenea sana kwenye vichwa vya Ulaya vinavyofanya kazi katika ukanda huu. Ugumu wake ni kwamba maandishi hayo mafupi yanachanganya vipimo vya aina tatu: milimita, asilimia na inchi.

Namba 315 ni upana wa tairi kwa milimita, kutoka ubavu hadi ubavu likiwa limejazwa upepo bila kubeba mzigo. Si upana wa sehemu inayogusa barabara, ambayo huwa nyembamba zaidi. Namba 80 si milimita bali ni asilimia: kimo cha ubavu ni asilimia 80 ya upana. Asilimia 80 ya 315 ni milimita 252. Namba 22.5 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Inchi moja ni milimita 25.4, hivyo rimu hiyo ina kipenyo cha milimita 571.5.

Anayetaka kujua urefu wa tairi zima kutoka chini hadi juu atachukua rimu na kuongeza kimo cha ubavu mara mbili: 571.5 + 252 + 252, jumla takriban milimita 1,076. Hesabu hii ndogo ina faida kubwa, kwa sababu ndiyo inayoonyesha kama matairi mawili ya saizi tofauti yanaweza kukaa pamoja. Kwa njia hiyo hiyo 295/80R22.5 hufika milimita 1,044, 385/65R22.5 hufika 1,072, na 295/75R22.5 hufika 1,014 tu.

Angalia hayo ya 295. Tofauti ya maandishi ni tarakimu za katikati tu, 80 na 75, na mnunuzi aliyezoea kutaja "mbili tisa tano" pekee anaweza kuuziwa lolote kati ya hayo. Tofauti ya kimo cha tairi zima ni milimita 30, yaani sentimita tatu. Kwenye ekseli yenye matairi ya dabo hizo ni nyingi mno, kama itakavyoelezwa chini.

Saizi za inchi na rimu zake

Matairi mengine hayana mkwaju wala asilimia. Hayo ni ya mfumo wa zamani wa inchi: 12R22.5, 11R22.5, 12.00R20, 11.00R20, 10.00R20, na kwa magari madogo ya mizigo 8.25R16 na 7.50R16. Hapa namba ya kwanza ni upana kwa inchi na ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi.

Kitu cha kuzingatia ni nukta tano. Rimu za 22.5, 17.5 na 19.5 ni za tairi lisilotumia tyubu. Zimetengenezwa kipande kimoja na sehemu ya kukalia tairi ina mteremko wa nyuzi 15. Rimu za 20 zilizozoeleka kwenye malori ya zamani ni za tyubu na flepu, na hufungwa kwa ringi ya pembeni. Tairi la 20 halikai kwenye rimu ya 22.5 wala la 22.5 halikai kwenye rimu ya 20, hata kama kwa macho yanaonekana kulingana.

Msafirishaji anayebadilisha rimu za ringi ili aingie kwenye tyubulesi anapaswa kujua mlingano wake. Badala ya 10.00R20 huchukuliwa 11R22.5, badala ya 11.00R20 huchukuliwa 12R22.5, na badala ya 12.00R20 huchukuliwa 13R22.5. Wengi hukosea kwa kudhani kwamba 12 ya mfumo mmoja ni 12 ya mfumo mwingine. Tairi la 12.00R20 lina kimo cha milimita 1,125 hivi na la 12R22.5 lina 1,084. Ukiweka dogo mahali pa kubwa lori hushuka, na spidomita husema uongo.

Uongo huo unaweza kwenda upande wowote. Lori lililotengenezewa 315/80R22.5 likifungwa matairi makubwa ya 12.00R20 kwenye ekseli za kuvuta, huku kifaa cha spidi hakijarekebishwa, litakuwa linakimbia karibu kilomita 84 kwa saa wakati geji inaonyesha 80. Kwa gari zito ambalo kikomo chake ni 80, faini hiyo dereva atalipa bila kuelewa kosa lake. Matairi madogo yakifungwa kinyume chake, geji itaonyesha mwendo mkubwa kuliko wa kweli, na umbali utakaoandikwa utakuwa mrefu kuliko ule lori liliotembea.

Rimu nayo ina upana wake. Tairi la 315/80R22.5 hukaa vizuri kwenye rimu ya inchi 9.00, na 385/65R22.5 huhitaji rimu ya inchi 11.75. Kwa 295/80R22.5 na 12R22.5 rimu za 8.25 na 9.00 hutumika zote. Fundi anayebana tairi pana kwenye rimu nyembamba hulifanya livimbe katikati, na uso wake huliwa sehemu ya kati kwanza.

Herufi R na kistari

Kati ya upana na rimu huwa kuna herufi R au kistari. R inamaanisha tairi la redio, ambalo mafundi wengi huliita tairi la waya. Kistari, kama katika 12.00-20, kinamaanisha tairi lenye nyuzi zilizopishana kwa mshazari, linalojulikana zaidi kama tairi la nailoni. La nailoni lina ubavu mgumu na bado linapendwa kwenye machimbo na barabara za mawe, ambako mwendo ni mdogo. Kwenye safari ndefu za lami hupata joto haraka na hulika mapema.

Aina hizi mbili hazichanganywi kwenye ekseli moja. La waya hukanyaga kwa namna nyingine kabisa na la nailoni linapobeba mzigo, na yakiwekwa dabo moja hubeba zaidi ya sehemu yake.

Namba inayosahaulika

Baada ya saizi hufuata maandishi kama haya: 156/150L. Hii ndiyo namba ya uzito na mwendo, na ndiyo inayopaswa kuulizwa kabla ya bei.

Namba ya kwanza, 156, ni alama ya uzito ambao tairi linabeba likiwa peke yake upande mmoja wa ekseli, kama lilivyo la mbele. Namba ya pili, 150, ni alama ya uzito wa kila tairi yakiwa mawili mawili, yaani dabo. Alama hizi si kilo. Zinasomwa kwenye jedwali la kimataifa. Zile zinazokutana na wasafirishaji mara nyingi ni hizi: 144 ni kilo 2,800, 146 ni 3,000, 148 ni 3,150, 150 ni 3,350, 152 ni 3,550, 154 ni 3,750, 156 ni 4,000, 158 ni 4,250, 160 ni 4,500 na 164 ni 5,000. Inafaa dereva abandike orodha hiyo ndani ya kabini. Asiye na orodha anaweza kusoma mstari mwingine ubavuni wenye maneno MAX LOAD SINGLE na MAX LOAD DUAL, ambako kilo zimeandikwa wazi.

Herufi ya mwisho ni mwendo ambao uzito huo unaruhusiwa: J ni kilomita 100 kwa saa, K ni 110, L ni 120, M ni 130. Kwa lori la mizigo K inatosha, na hakuna haja ya kulipa zaidi kwa sababu ya M. Matairi mengine yana maandishi mawili, kwa mfano 156/150L na kando yake 154/150M. Maana yake ni kwamba tairi likiwa peke yake hubeba kilo 4,000 kwa mwendo wa hadi 120, lakini kwa mwendo wa 130 hubeba 3,750 tu.

Sasa ilinganishwe na mizani. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya usukani, tani 10 kwenye ekseli moja yenye matairi manne, tani 18 kwenye ekseli mbili za pamoja, tani 24 kwenye ekseli tatu za pamoja, na jumla isiyozidi tani 56 kwa gari zima. Madereva wanazifahamu namba hizi kwa moyo, kwa kuwa ndizo zinazoleta faini.

Lakini mizani haisomi tairi. Lori linalopima kilo 7,600 mbele litapita bila tatizo, kwa sababu kikomo ni 8,000. Kama mbele limefungwa 315/80R22.5 yenye alama 156, matairi mawili yanabeba kilo 8,000 na hakuna wasiwasi. Kama limefungwa 295/80R22.5 yenye alama 152, matairi mawili yanabeba kilo 7,100 tu. Lori hilo lina stakabadhi safi ya mizani na wakati huohuo matairi yake ya usukani yamezidiwa kwa kilo 500, yakiwa mapya, yakiwa na upepo kamili. Lile la mbele likipasuka kwenye mteremko wa Kitonga, dereva hana tairi la pili la kumshikilia.

Hata ndani ya saizi moja alama hutofautiana. Tairi la 315/80R22.5 linapatikana sokoni likiwa na 154 na pia likiwa na 156. Kwenye duka yanakaa rafu moja, uso wake unafanana, na lenye 154 mara nyingine ni nafuu kidogo. Mawili ya 154 mbele ni kilo 7,500. Kwa ekseli inayopima 7,000 hayo yanatosha kabisa na hakuna sababu ya kutumia fedha zaidi. Kwa inayopima 7,800 hayatoshi. Karatasi ya mizani ya safari iliyopita, ambayo hutupwa kwenye droo ya gari, ndiyo inayojibu swali hilo bila kubahatisha.

Nyuma hali ni nyepesi zaidi. Ekseli mbili za kuvuta zikibeba tani 18 kwa matairi manane, kila tairi linabeba kilo 2,250. Hata lenye 148 lina nafasi ya kilo 900. Ila nafasi hiyo hupotea mara moja ikiwa mwenzake kwenye dabo amekwisha upepo: lililobaki linabeba kilo 4,500 wakati alama yake likiwa peke yake ni 3,550. Ndiyo maana pancha ya tairi la ndani isiyogunduliwa huondoka na matairi mawili.

Malori ya Marekani

Suala la alama linawahusu zaidi wenye vichwa vilivyotumika Marekani, vyenye pua ndefu, ambavyo vimekuwa vingi kwenye njia za Zambia na Kongo. Vichwa hivi huja na matairi ya 11R22.5 au 295/75R22.5, mengi yakiwa na alama 144 au 146. Kule ekseli ya mbele kwa kawaida hubeba pauni 12,000, yaani kilo 5,443, na gari zima kwenye barabara kuu za shirikisho lina kikomo cha pauni 80,000, karibu tani 36. Kwa mazingira hayo, matairi mawili ya 144 yenye uwezo wa kilo 5,600 yanatosha.

Gari hilohilo likifika huku na kupakiwa kwa viwango vya tani 50 au zaidi, tairi lililokuja nalo limebadilishiwa kazi bila kuulizwa. Mnunuzi wa gari la namna hii asiishie kuangalia kama uso wa matairi bado mnene. Asome alama ya mbele, apime ekseli ya mbele ikiwa na mzigo, na aangalie pia kibati cha gari kinachoonyesha uwezo wa ekseli yenyewe, kwa sababu kufunga tairi kubwa hakuiongezei ekseli wala springi nguvu.

Magari madogo ya mizigo

Mfanyabiashara wa Canter na magari ya ukubwa huo anayevuka na nafaka au vitunguu hana habari ya tani 56, lakini hesabu ni ileile. Tairi la 7.50R16 lenye 122/118 hubeba kilo 1,500 likiwa peke yake na 1,320 kwenye dabo. Mawili mbele na manne nyuma yanafikisha kilo 8,280. Hapo umo uzito wa gari lenyewe, bodi, mafuta, dereva na tingo. Kinachobaki ndicho mzigo, na mara nyingi ni kidogo kuliko kinachopakiwa.

PR si idadi ya nyuzi

Wauzaji hupenda kutaja 16PR, 18PR au 20PR, na wanunuzi wengi huamini ni idadi ya tabaka zilizomo ndani. Zamani za nailoni na pamba ilikuwa karibu na hivyo. Leo PR ni kipimo cha nguvu tu. Tairi la waya lenye 20PR likisomwa vizuri ubavuni litakuwa na maandishi madogo yanayosema uso una tabaka nne au tano za waya na ubavu una tabaka moja.

Kwa hiyo PR inafaa kulinganisha matairi ya saizi moja ya mtengenezaji mmoja, lakini haitoshi kuamua. Matairi mawili yote ya 18PR yanaweza kuwa na alama tofauti za uzito. Muuzaji akisema "hili ni ishirini plai, halipasuki", jibu ni kuinama na kusoma kilo.

Dabo zinazopigana

Matairi mawili yaliyofungwa pamoja huzunguka mara sawa, yapende yasipende. Likiwa moja ni kubwa kuliko lingine, dogo hulazimika kuburuzwa. Mfano: 315/80R22.5 mpya likiwekwa na 295/80R22.5 mpya, tofauti ya kipenyo ni milimita 32 na tofauti ya mzingo ni milimita 100. Tairi huzunguka karibu mara 300 kwa kilomita moja. Hivyo kila kilomita kuna mita 30 za kuburuza, na kati ya Dar es Salaam na Tunduma, zaidi ya kilomita 900, zinafika kilomita 27. Mpira huo unaachwa barabarani, na mafuta ya kuusaga hulipwa na mwenye gari. Wakati huohuo lile kubwa linabeba karibu mzigo wote wa upande huo.

Kwa matairi ya malori makubwa, kipimo kinachokubalika ni tofauti ya kipenyo isiyozidi milimita 13 hivi. Tairi jipya na lililokwisha la saizi moja linaweza kuvuka kipimo hicho, kwani uso ukipungua milimita 8 kipenyo hupungua milimita 16. Fundi mwenye uzoefu hupanga yaliyokaribiana umri pamoja, na kwa matairi ya watengenezaji tofauti huzungusha utepe wa kupimia badala ya kuamini maandishi.

Jambo jingine ni nafasi kati ya dabo. Anayetoka 12R22.5 kwenda 315/80R22.5 anaongeza upana. Kama rimu hazikubadilika, mbavu zinaweza kugusana chini zinapobeba mzigo, zikasuguana na kushika moto. Pitisha mkono kati yake sehemu ya chini, lori likiwa limepakia na limesimama. Kama hapapiti vidole, mpangilio huo haufai.

Supa singo na herufi FRT

Trela nyingi sasa zina supa singo ya 385/65R22.5 yenye alama 160, yaani kilo 4,500. Mawili ni kilo 9,000 kwa ekseli. Kwa kuwa kimo chake ni karibu sawa na cha 315/80R22.5, kitako cha trela hakibadiliki sana. Tatizo ni kwamba sheria ya Jumuiya inaruhusu uzito mdogo zaidi kwenye ekseli ya supa singo kuliko kwenye ekseli ya matairi manne, kwa sababu mzigo wote unakanyaga sehemu ndogo ya lami. Anayebadili trela yake kutoka dabo kwenda supa singo ili apunguze uzito na idadi ya matairi aulize kwanza mizani kikomo chake kipya, kabla ya kusaini mkataba wa tani.

Baadhi ya matairi ya 385 yana herufi FRT ubavuni. Maana yake ni tairi la kuburutwa tu, la trela. Halifungwi kwenye usukani wala kwenye ekseli ya kuvuta, hata kama alama yake ya uzito ni kubwa kuliko ya lile linaloondolewa.

Upepo ni sehemu ya namba

Kilo zilizoandikwa ubavuni zimefungwa na kiasi cha upepo kilichoandikwa kando yake, kwa kPa au psi. Tairi la 315/80R22.5 lenye 156 hufikia kilo 4,000 likiwa na kPa 850 hivi, karibu psi 123, tena likiwa baridi. Likijazwa kPa 700, karibu psi 100, uwezo wake hushuka hadi kilo 3,400 hivi. Yaani dereva aliyenunua 156 na kulijaza psi 100 amejirudisha chini ya 152 kwa hiari yake.

Kupima hufanywa kabla ya safari. Tairi lililotembea hupanda presha kwa joto, na hiyo ni kawaida. Anayelipunguza upepo likiwa moto ili "lipumue" atalikuta asubuhi likiwa pungufu, na pungufu ndilo linalozalisha joto zaidi.

Tarehe na alama ya E

Baada ya herufi DOT kuna mfululizo wa herufi na tarakimu, na mwishoni tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2321 ni wiki ya 23 ya mwaka 2021. Tarehe inaweza kuwa ubavu mmoja tu, kwa hiyo isipoonekana nje itafutwe upande wa pili kabla tairi halijavishwa rimu. Kampuni kadhaa kubwa hushauri tairi lisitumike baada ya miaka 10 tangu lilipotengenezwa, hata kama halijatembea. Tairi lililokaa miaka sita kwenye kontena la jua kali si "jipya" kwa sababu tu bado lina lebo.

Herufi E ndani ya duara ikiwa na namba huonyesha nchi iliyoidhinisha tairi kwa kanuni za Umoja wa Mataifa: E1 ni Ujerumani, E2 Ufaransa, E4 Uholanzi. Haionyeshi lilikotengenezwa. Tairi la China linaweza kuwa na E4 kihalali kabisa, na muuzaji anayeliita "la Uholanzi" kwa sababu hiyo anauza maneno.

Anayeagiza kwa wingi ili auze anapaswa kuongea na shirika la viwango la nchi ya mauzo kabla ya kontena kuondoka: TBS kwa Tanzania, KEBS kwa Kenya, UNBS kwa Uganda, RSB kwa Rwanda, BBN kwa Burundi, OCC kwa Kongo. Matairi yanaweza kuzuiwa bandarini kwa ajili ya tarehe, na gharama ya kuhifadhi kontena haisubiri.

Spea

Wengi hufunga kama spea tairi lililoondolewa kwenye trela, kwa kuwa "ni la dharura". Spea haichagui itaitwa wapi. Kwa lori linalokwenda nchi jirani, ni vyema iwe ya saizi ya kichwa, isiyo na FRT, yenye alama ileile ya matairi ya usukani, na imejazwa upepo kwa kiwango cha mbele. Ikihitajika kwenye trela ya dabo yenye saizi hiyohiyo itapunguzwa pale pale, kazi ya dakika chache. Kuongeza upepo usiku katikati ya pori kunahitaji mpira wa upepo wa kutosha na geji, na vyote viwili huwa vimeazimwa.